Birika Kubwa Kidogo

Mikono kumi na tisa ilipanda, na mikono kumi na tisa ikabaki mapajani. Niliihesabu mara mbili nikiwa barazani, nimesimama nje ya dirisha, Pegi amenilalia begani na jasho la shingo yake likinilowesha leso. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa arubaini na saba, msimu wa kusi. Wanachama wa klabu ya gofu ya Wazungu, kule Kisauni upande wa baharini, walikuwa wameketi ukumbini na vikombe vyao vya chai wakibishana juu ya jambo moja: klabu ijenge birika la kuogelea kwa ajili ya wake na watoto, au isijenge.

Waliolitaka walikuwa vijana waliorudi vitani wakaoa, au waliooa zamani na sasa meli zimewaletea familia zao. Wasiolitaka walikuwa wazee wa gofu, wengi wao makapera, watu waliozoea kumaliza mchezo wao bila kusikia mtoto akilia. Mmoja wao, mrefu, mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, alisimama akasema klabu hii ni ya gofu, si ya nepi. Wenziwe wakacheka. Sisi mayaya wa barazani hatukucheka, maana hizo nepi tulizifua sisi.

Kapteni wa klabu alikuwa mtu mpole, mwenye kusema polepole hata mimi niliyeokota Kiingereza jikoni nikamfahamu. Alisema kura zimelingana, na yeye hataki kuwagawa watu kwa kura yake. Tena wote wamesahau neno kubwa, nalo ni maji. Ya bomba hayatoshi hata jikoni. "Yakipatikana maji matamu hapa karibu, tutapiga kura tena," alisema. "Yasipopatikana, tuliache." Memsabu wangu, mamake Pegi, akageuza shingo akanitazama kupitia dirishani. Alijua natoka wapi. Mimi mwenyewe nilimwambia, kwa majivuno yangu, kwamba kijijini kwetu kuna kisima ambacho maji yake hayana mfano Kisauni nzima.

Kisima hicho kikiitwa Kisima cha Mwanatabu, kwa jina la bibi yetu wa vizazi vitano nyuma aliyekichimbisha. Alikifanya wakfu: maji ya kila mpita njia, hayauzwi wala hanyimwi mtu, awe wa kwetu, awe wa bara, awe wa dini yoyote. Msimamizi wake wakati huo alikuwa Bi Kuluthum, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea tangu mama aliponifia nikiwa na miaka mitatu. Nikimwita Mamkubwa. Alfajiri, kabla mtu hajatia ndoo, yeye ndiye aliyeteka kata ya kwanza, akaonja, akasema, "Tamu," na hapo ndipo wanawake walipoteremsha kamba zao. Baina ya adhuhuri na alasiri kisima kilipumzishwa. Mgeni akigusa kamba saa hizo, Mamkubwa alimkemea kama aliyemwamsha mtoto mchanga.

Kutoka mikononi mwake niliolewa, na baada ya miaka sita nikarudishwa kwa kuwa sikuzaa. Nikaenda kutafuta kazi kwa Wazungu. Watu walisema sana: binti wa nyumba ile abebe mtoto wa Mzungu mgongoni? Mamkubwa aliwauliza kama wao watanilisha. Pegi nilipewa akiwa na miezi mitano, na siku ya kura alikuwa amekaribia miaka minne. Neno lake la kwanza lilikuwa la Kiswahili, nalo lilikuwa "bado". Nilimpenda. Sizungushi maneno: nilimpenda kwa mapenzi yote ya mtu aliyeambiwa hatapata wa kwake.

Mwaka mmoja kabla ya kura hiyo, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alichukuliwa na bahari. Alikuwa wa miaka miwili. Yaya wake, Kanze, rafiki yangu, aligeuka kukamua taulo, akageuka tena, na ufuo ukawa mtupu. Bahari ilimrudisha mtoto siku hiyo hiyo, maiti. Hakuna aliyemkaripia Kanze hata kidogo, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kipigo. Aliacha kazi kwa miguu yake. Nasikia hata alipopata watoto wake mwenyewe aliwaogesha mlango wazi, akiita majirani waje wamtazamie.

Tangu hapo, kila asubuhi tulipoteremka ufuoni, nilimfunga Pegi kiunoni kwa ncha ya leso, ncha ya pili nikajifunga mkononi. Watoto wengine walimcheka wakimwita mbuzi. Mimi sikujua kuogelea. Wimbi likimvuta yeye lingetuvuta sote wawili, na kwangu hiyo ilikuwa afadhali. Basi pale dirishani, mikono kumi na tisa ilipopanda, wangu ulikuwa wa ishirini, ila hakuna aliyeuhesabu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Chengo karibu na shimo la tisa la gofu akipigilia vigingi. Chengo alikuwa msimamizi wa nyasi za klabu, Mgiriama mtu mzima ambaye wazee wa gofu walimwamini kuliko walivyoaminiana. Kapteni alikuwa amemwambia apime mahali litakapokaa birika, likijaaliwa. Alizungusha kamba kwenye vigingi, na mimi na Pegi tukatembea ndani yake kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Hatua thelathini kwa urefu, kumi na mbili kwa upana.

"Na kina?" nikamuuliza.

"Huku kifua cha mtoto. Kule mtu na nusu." Akajifuta uso kwa mkono. "Na maji yake hayakai, Bi Mwanasaumu. Wiki moja yamegeuka kijani. Kila Jumatatu yafunguliwe, yamwagwe, yatiwe mengine."

"Yamwagwe wapi?"

"Hapa, kwenye nyasi zangu." Hakucheka. "Nimesikia wanakitaka kisima chenu. Mimi nilipokuwa kijana nilichimba visima, nisikize. Kisima cha pwani ni kama maziwa. Maji matamu ni malai, yako juu tu. Chini yake chumvi. Ukiteka kwa ndoo, malai hurudi. Ukitia mashine..." Akaokota kijiti, akakoroga hewa. "Hayarudi hayo. Mwambie mama yako."

Nikasema nitamwambia.

Jumatatu kapteni alikuja kijijini pamoja na memsabu, Pegi na mimi. Aliliacha gari mbali, akavua kofia, akapiga hodi kwa Kiswahili. Mamkubwa alimpokea uani, akamtilia maji katika bilauri ya wageni. Kapteni akayanywa yote, akasema hajapata kunywa maji kama hayo tangu atoke kwao. Nikafasiri. Mamkubwa alifurahi kama aliyesifiwa mwanawe.

Kisha kapteni akasema lililomleta. Alisema kwa adabu: watoto wa klabu wanahofiwa kuchukuliwa na bahari, mmoja ameshakufa, wazazi wanataka kuwajengea mahali salama pa kucheza majini, na wanaomba maji ya kisima hiki. Yote hayo niliyafasiri bila kuongeza wala kupunguza. Nilipofika kwa mtoto aliyekufa, Mamkubwa akashika kifua.

"Masikini. Na mamake yuko?"

"Alirudi kwao."

"Na hilo walijengalo ni nini? Ni birika? Kama la msikitini?"

Birika la msikiti wetu kila mtu alilijua. Lilikuwa kando ya mlango, urefu wake mtu aliyelala, kina chake magoti. Wanawake wanne walilijaza kwa ndoo siku ya Alhamisi, na watu wakatilia udhu wiki nzima. Kamba ya Chengo ilikuwa machoni mwangu. Kijiti chake kilikuwa kikikoroga hewa mbele yangu. Pegi alikuwa amechuchumaa kando ya kisima, amemshika kifaranga kwa mikono miwili, akimwambia asiogope.

"Kama hilo, Mamkubwa," nikasema. "Kubwa kidogo."

Sauti yangu haikutetemeka hata chembe. Nimepata miaka mingi ya kulifikiria hilo, na bado ndilo linalonishinda kujisamehe.

"Watoto wangapi?"

"Kama ishirini."

"Ishirini ni nini? Harusi moja yawashinda hao." Akamgeukia kapteni, ingawa maneno aliyatia mkononi mwangu. "Mwambie nimeridhia. Maji ni ya Mungu, wakfu ni wa Mwanatabu, mimi nalinda tu. Mimi sitamfungia mtoto maji. Lakini n'na sharti moja: baina ya adhuhuri na alasiri kisima kilale. Mwambie vivyo hivyo, usipunguze."

Sikupunguza. Kapteni alisema bila shaka, bila shaka, akaliandika katika kidaftari chake. Alikuwa mtu mwaminifu, na lau angekuwapo pengine sharti lingeshikwa. Miezi mitatu baadaye alikwenda likizo kwao, na kidaftari akaenda nacho.

Kura ya pili haikuwa na ubishi. Mikono thelathini na moja ilipanda, na wa kwanza kabisa ulikuwa wa yule mzee wa masharubu. Chengo alipoulizwa alikuwa amewaeleza maji ya Jumatatu yatamwagwa wapi, nao wakaziona nyasi zao zikiwa kijani mpaka mwisho wa kaskazi, wakati viwanja vya wengine vimekauka kama mkeka. Vijana walilipata birika kwa ajili ya watoto, wazee kwa ajili ya nyasi, na mimi kwa ajili ya Pegi. Hapakuwa na mtu mbaya ukumbini wala barazani.

Mashine ilifika juu ya lori mwezi wa Novemba. Bomba likalazwa juu ya ardhi, likapita mihogoni, likakata njia ya msikitini, likaingia klabu. Ilinguruma siku nne mfululizo, adhuhuri kama alfajiri. Siku ya kwanza jua lilipofika utosini, Mamkubwa alimwendea fundi aliyeilinda, Mzungu kijana asiyejua Kiswahili. Akamwonyesha jua kwa kidole, akaonyesha kisima, kisha akalaza shavu juu ya kiganja kumfahamisha kwamba ni saa ya kisima kulala. Fundi akadhani bibi amechoka. Akamwekea sanduku aketi kivulini.

Haya niliyasikia kwa wengine. Mimi sikuwapo. Nilikuwa klabuni nikitazama maji yakipanda, rangi ya mbingu, na nikawa na furaha kuliko mtu yeyote Kisauni. Lazima niliseme hilo pia. Siku ya kufungua birika nilifungua fundo la leso kiunoni mwa Pegi nikamwachia aende. Alisimama kwenye upande wa kifua cha mtoto, maji yakimfika kwapani, akapiga kelele, "Mwanasaumu! Bado! Bado!" maana yake nisimwite atoke. Sisi mayaya hatukuruhusiwa hata kutia unyayo. Tuliketi kwenye benchi, na mimi nililia kwa raha mpaka memsabu akaja kunishika mkono. Ndani ya miezi miwili mtoto yule alikuwa akizamia na kuibukia upande wa pili, na usingizi wangu ukarudi.

Kijijini mashine iliacha kisima kikiwa tope. Wanawake walisubiri siku mbili maji yakarudi. Mamkubwa akawaambia birika limejaa, stahamilini, watoto watalitumia mwaka mzima. Jumatatu mashine ikanguruma tena. Na Jumatatu ya pili. Na ya tatu.

Chumvi haikuja kwa siku moja. Ilianza katika chai, watu wakailaumu sukari. Kisha kunde zikawa haziivi, ukizipika tangu asubuhi mpaka jioni ziko vile vile. Mchicha wa uani kwetu ukaungua ncha za majani. Watoto wachanga wakaanza kuharisha, na wenye nguvu wakachukua madebe wakaanza kwenda kuteka mbali, upande wa Ziwa la Ng'ombe, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mamkubwa aliendelea kuamka alfajiri kuonja kata ya kwanza. Neno lake la zamani hakulisema tena. Alisema, "Maji ya Mungu," akaondoka. Foleni ilikuwa fupi, na waliobaki walikuwa vikongwe wasioweza kutembea.

Nilipokwenda kwetu siku za mapumziko nilisikia watu wakimuuliza mbele ya macho yangu ni nani aliyewapa Wazungu kisima. Alijibu, "Mimi." Waliuliza kama hakujua hilo birika lina ukubwa gani. Alijibu, "Sikuuliza sana." Nilikuwa nimesimama pale, na hakunitupia jicho.

Jumatatu moja ya Februari alikuja klabuni. Alikuja peke yake, kwa miguu, kajifunika buibui, katika jua la saa nne. Askari wa lango hakujua amfanye nini bibi mzima kama yule, akamwita Chengo, na Chengo akamleta kwa njia ya nyuma mpaka kwenye benchi la mayaya. Nikasimama.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba."

Hakuketi. Ilikuwa saa ya kufungua maji. Watu wa Chengo walikuwa wameng'oa kizibo, na birika zima likawa linakwenda zake katika mfereji, kutoka mferejini likaenea juu ya nyasi za shimo la tisa. Maji yalikuwa mengi hata yakafanya mawimbi madogo. Mamkubwa aliyafuata kwa macho kutoka mwanzo wa birika hadi mwisho wake, hatua zote thelathini, kisha akatazama chini, kule kwenye mtu na nusu.

"Mwanasaumu."

"Abee."

"Hili ndilo?"

"Ndilo."

"Kubwa kidogo," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayelipima neno aone linatosha. Pegi alikuja mbio, nywele zimemganda usoni, akamshika Mamkubwa mkono akamwambia kwa Kiswahili chetu aje Ijumaa, maji yatakuwa mapya. Mamkubwa akamkausha uso kwa ncha ya buibui lake. Akamuuliza kama anajua kuogelea kweli. Pegi akasema kweli, wallahi. Mamkubwa akasema, "Alhamdulillahi," na nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba alilisema kwa moyo. Kisha akageuka akaenda.

Nilimkimbilia, nikampata nje ya lango. Nilimwambia twende kwa Mudir, mkuu wa serikali wa upande wetu, siku hiyo hiyo, nikaseme nimefasiri urongo, kwamba ruhusa yake ilikuwa ya birika jingine. Huenda wangelazimishwa kuitoa mashine.

"Ukisema, watu watakufanyani?" akaniuliza.

"Wafanye wapendalo."

"Hapana. Wewe wataka kusema upate kupumua. Mimi sikukatazi kupumua, lakini usinitumie kwa hilo." Akatengeneza buibui kichwani. "Amana ilikuwa yangu. Ningeweza kuja kulitazama shimo kwa mato yangu kabla ya kunena, si mbali, yeo nimefika kwa miguu. Sikuja. Nilikuamini wewe kwa sababu ilikuwa rahisi. Rudi kwa mtoto, usimwache na maji."

Nikarudi. Hata sasa sijui kama alikuwa akinionea huruma au akinikataa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na sikuwa na mtu mwingine duniani.

Mashine iliondoka yenyewe mwezi wa Aprili. Chumvi ilikuwa imefika kwao pia: nyasi za shimo la tisa zilikuwa zimeungua, zimekuwa manjano viwanja vizima, wazee wakapiga kelele, na klabu ikavutiwa bomba jipya la maji ya mji. Kapteni aliporudi kutoka likizo alimpelekea Mamkubwa barua ya shukrani na bati la biskuti. Alikuja mwenyewe pia, akanywa maji aliyopewa katika bilauri ileile, na uso wake ukabadilika. Aliuliza ni lini yamekuwa hivi. Nilifasiri kila neno siku hiyo. Alisema ataandika juu ya jambo hilo, na naamini aliandika.

Pegi aliondoka mwishoni mwa mwaka huo kwenda kusoma kwao. Bandarini alinishika shingo akakataa kuniachia, mpaka babake akamfungua vidole kimoja kimoja. Aliniandikia mara mbili, picha za nyumba na mbwa, kisha akawa mkubwa. Leo mahali pa klabu pamejengwa majumba ya watu, na birika lilifukiwa zamani sana. Nimepita pale nisiweze kuonyesha lilipokuwa.

Kisima chetu hakikurudi. Mvua za masika zilipita mbili, Chengo akaja kila baada ya mvua kuonja, akatikisa kichwa. Mamkubwa aliendelea kukifagia pambizoni na kukifunika adhuhuri, ingawa hakuna aliyekuwa akiteka wa kukatazwa. Nilirudi kukaa naye. Tulizungumza mambo yote ya dunia, bei ya samaki, nani kaoa nani, lakini lile moja hatukuligusa tena. Nilikuwa nikienda Ziwa la Ng'ombe kila asubuhi kumletea debe moja la maji matamu, na yeye alikuwa akiwagawia vikongwe wa jirani kwa kata, mpaka likabaki la kunywa sisi wawili.

Alifariki mwaka wa arubaini na tisa, siku chache kabla ya Ramadhani, baada ya sala ya adhuhuri. Bi Khairiya, aliyewaosha maiti wote wa kike wa kijiji chetu, alifika akauliza maji yako wapi. Debe la asubuhi lilikuwa limekwisha. Wasichana waliotumwa kuteka walikuwa hawajarudi, na wanaume walikuwa wameshasimama nje na jeneza. Nikasema tungoje. Bi Khairiya akasema maiti hangojeshwi, tena maji ya chumvi yanatwahirisha, hata ya bahari yanatwahirisha, tekeni hapo nje. Tukateka katika Kisima cha Mwanatabu.

Mimi nilipewa kichwa. Nilimfumua nywele, zilikuwa nyembamba na nyeupe zote, nikazitia maji, nikapaka sabuni nikasugua. Sabuni haikutoa povu. Nikaongeza maji nikasugua tena, kwa nguvu zaidi. Ikakatikakatika vipande vyeupe kama maziwa yaliyoharibika, vikanata nyweleni, na kila nilipomwagia maji vilizidi kushika.

"Mwanasaumu, yatosha," Bi Khairiya akasema. "Ameshatakata."

Nikasema siwezi kumpeleka hivi. Nikaketi chini, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu, nikaanza kuvitoa kimoja kimoja kwa kucha. Wanaume waliita kutoka nje, wakaita tena. Bi Khairiya akaenda mlangoni, akawaambia wangoje.